Maswali ya Wasomaji: Hivi Rungwe Nao Umetokana na Mabamba Kugongana?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma form foo hapa Uyole. Tumefundishwa milima inatokea mabamba ya dunia, yaani vile vipande vikubwa vya ganda la dunia vinavyosogea, yakigongana, sasa tukabishana darasani, mimi nasema milima ya huku kwetu, Rungwe, Loleza na Livingstone, yote ni ya kugongana, mwenzangu anakataa. Nani kashinda?
Mwanafunzi, Uyole

JIBU: Marahaba kijana. Mwenzako kashinda, ila usimnunulie soda kwanza maana na wewe una robo ya ukweli, tutaikuta kwenye swali la chini.

Kugongana kupo kweli, na kubwa kuliko yote ni Himalaya. India ilikuwa kivyake huko kusini, ikawa inasogea kaskazini, miaka kama milioni 50 iliyopita ikakutana na Asia, na kwa vile zote mbili ni bara, mwamba wake mwepesi, hakuna aliyekubali kuzama moja kwa moja chini ya mwenzake. Chukulia malori mawili yamekutana uso kwa uso pale mteremko wa Iwambi, maboneti yanavyokunjamana kwenda juu, basi ndo hivyo hivyo, ila ajali hii haijaisha mpaka leo, India bado inasukuma sentimita 4 au 5 kila mwaka. Ganda la dunia chini ya bara kwa kawaida lina unene wa kilomita 30 hadi 40 hivi, chini ya Tibet limefika kama 70. Na kileleni Everest, mita 8,849, kuna mawe ya chokaa yenye mabaki ya viumbe wa baharini. Baharini! Andes ni habari nyingine kidogo, pale bamba la Nazca la chini ya bahari ni zito, linazama chini ya Amerika Kusini, ndo maana kule unapata milima na volkano kwa pamoja.

Sasa kwetu ni kinyume chake, Afrika inachanika. Upande wa mashariki unaachana na wa magharibi, milimita chache tu kwa mwaka, na Mbeya imekaa pale pale mipasuko mitatu inapokutana, wa Rukwa, wa Usangu na wa Ziwa Nyasa. Ardhi ikivutwa hivyo inakatika, kipande kimoja kinadidimia kingine kinabaki juu. Ule ukuta wa Livingstone unaouona ukiwa ufukweni Matema ndo ukingo wa kilichobaki juu, kilichodidimia kiko chini ya ziwa, ambalo kina chake kinafika mita 700. Loleza nao umeinuliwa na mipasuko hiyo hiyo. Rungwe ni volkano, ufa ulifungua njia ujiuji wa mwamba ulioyeyuka ukapanda. Siku ukienda Tukuyu angalia kingo za barabara pale walipochonga kilima, utaona tabaka za majivu na vijiwe vyepesi vyenye matundu, vile vya kusugulia miguu, ukikitupa kwenye ndoo ya maji kinaelea. Vingine ni vya mlipuko mkubwa wa Rungwe wa miaka kama 4,000 iliyopita. Na jirani yake Kyejo ulimwaga lava juzi tu, karibu mwaka 1800.

SWALI: Za kazi? Mwanangu kaniletea jiwe toka Isimani, zito balaa, la kijani lina punje nyekundu. Ni madini ya kuuza?
Mama, Iringa mjini

JIBU: Mama, bila kulishika siwezi kuapa. Ila nyekundu hizo zinaweza kuwa ganeti, aina ya kito, na eneo la Isimani wanajiolojia wanalijua sana kwa mwamba wa aina hiyo, wanauita eklojaiti. Pesa usiiwazie sana, punje zikiwa na nyufa sonara hatazigusa. Lakini ajabu yake iko kwingine, mwamba huu haupatikani mpaka ganda la dunia lizamishwe makumi ya kilomita chini, libanwe huko weee, halafu lirudishwe juu. Na umri umepimwa, ni miaka bilioni 2 hivi. Maana yake hapo Iringa bamba liliwahi kuzama chini ya lingine na milima ikainuka kwa kugongana kabisa, kisha mvua na mito vikaila ikaisha, nyie mnalima juu ya mizizi yake. Kijana wa Uyole, robo yako ndo hiyo, hata mawe ya Loleza yalipikwa kwenye migongano ya zamani za namna hiyo, kilicho kipya ni kuinuliwa tu.

SWALI: Matetemeko ya huku yanaletwa na volkano?
Msomaji, Tunduma

JIBU: Mengi hapana, ni mipasuko ya ufa inajisogeza. Desemba 1910 ukanda wa Rukwa ulipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.4, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa Afrika Mashariki. Kwa hiyo ukijenga usimsikilize fundi anayekwambia lenta ni mbwembwe, weka nondo, funga nyumba mzunguko mzima, na kiwanja cha ukingoni mwa korongo mwachie mwenyewe hata akikupunguzia bei.