Maswali na Majibu: Unene wa Barafu ya Bahari ya Aktiki Hupimwaje?

Safu iliyopita ilieleza jinsi Polarstern, meli ya utafiti ya Ujerumani, ilivyoondoka Tromsø nchini Norwei mwezi Septemba 2019 na kwenda kujikwamisha kwa makusudi katika barafu ya Bahari ya Aktiki. Haya ni baadhi ya maswali yaliyotufikia.

Nahodha asiye na kichaa hakwamishi chombo chake. Hawa walikusudia nini? (Mvuvi, Mikindani)

Walikusudia kusafiri na barafu yenyewe, kwa kuwa nayo haitulii: upepo na mkondo huisukuma kutoka upande wa Siberia, ikapita jirani na ncha ya kaskazini, hadi kwenye mlango wa bahari ulio kati ya Greenland na visiwa vya Svalbard. Meli ikifungwa kwenye pande moja la barafu, watafiti huweza kulifuatilia pande hilohilo, na ndivyo walivyofanya tangu Oktoba 2019 mpaka lilipopasuka mwishoni mwa Julai 2020. Fridtjof Nansen wa Norwei alikwishawatangulia na meli ya Fram, kati ya 1893 na 1896.

Ndugu Mhariri, unene hupimwaje ikiwa upande wa chini umo majini? (Mwanafunzi wa sekondari, Masasi)

Njia ya uhakika ni kutoboa tundu kwa keekee na kushusha utepe wenye kipande cha chuma kinachopita tunduni kikiwa wima, kisha kikalala chini ya barafu utepe unapovutwa. Kazi hiyo ni ya polepole, kwa hiyo watafiti huburuta pia kifaa cha sumaku-umeme, au hukining'iniza chini ya helikopta. Maji ya bahari hupitisha umeme vizuri zaidi kuliko barafu, hivyo kifaa hutambua umbali uliopo hadi kwenye maji. Lakini huijumlisha theluji iliyo juu, ambayo lazima ipimwe peke yake na kutolewa.

Setilaiti kama CryoSat-2, iliyorushwa 2010, hupima kimo cha barafu juu ya maji. Kwa kuwa sehemu inayochomoza ni karibu moja ya kumi tu, kosa la sentimita chache juu huwa kosa la makumi ya sentimita katika unene wote, na ndiyo maana keekee haijastaafu. Magazeti hupenda kutaja eneo, mathalani kilomita za mraba milioni 3.4 za Septemba 2012, ambazo ni chache kuliko zote zilizorekodiwa na setilaiti. Mimi huuliza unene kwanza, kwani barafu pana lakini nyembamba huweza kutoweka katika kiangazi kimoja.

Je, barafu hiyo ina chumvi? (Mzalishaji wa chumvi, Lindi)

Inayo, ila kidogo. Katika mashamba yenu jua huondoa maji na kuacha chumvi. Kule, kwenye nyuzi 1.8 za Selsiasi chini ya sifuri, maji huganda na kuisukuma chumvi nje. Inayobaki hunaswa katika vijitundu na kuvuja polepole, hata barafu iliyovuka kiangazi huweza kuyeyushwa ikanyweka.

Ikiyeyuka, bahari itapanda Kilwa? (Mkulima wa mwani, Kilwa)

Si kwa barafu hii, ambayo tayari inaelea. Kinachoinua bahari ni barafu ya nchi kavu, kama ya Greenland na Antaktika, pamoja na maji kutanuka kwa joto. Hata hivyo, uso mweupe ukiondoka, bahari nyeusi hufyonza joto la jua ambalo awali lilirudishwa angani, na joto hilo huifikia Greenland pia.