Maji ya kisima yaliyolipika Noah langu

Tulikuwa tukirudi kutoka arusini Marafa, mwezi wa Februari, kaskazi inavuma na jua ni kali. Gari letu, Toyota Noah, limejaa wakwe na masufuria. Kabla hatujafika Mambrui, mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikafungua hita hadi mwisho, feni kwa kasi ya juu, ili joto la injini litokee kwetu. Shangazi yangu, kajifunika buibui lake kule nyuma, akaita: "We mwana, jehanamu tumeiacha Marafa, mbona watuletea nyingine garini?" (Lile bonde la Marafa wageni huliita Jiko la Jehanamu.) Mshale ulishuka kidogo, ukatufikisha kwenye kivuli cha mwembe.

Kosa lilikuwa langu. Kwa muda mrefu, kila maji yakipungua kwenye radieta, ile inayopoza maji ya injini, niliongeza ya kisimani. Visima vingi hapa Malindi vina chumvi, na ushahidi uko jikoni: tazama ndani ya birika lako. Ule ukoko mweupe ndio unaoganda kwenye vijibomba vya radieta, na chumvi yenyewe inakula alumini polepole. Radieta yangu ilikuwa imeziba kama kifumbu kilichojaa machicha.

Fundi wa kwanza niliyempelekea alisema dawa ni kung'oa thamostati, ile vali inayofungua njia ya maji injini ikipata moto. "Malindi hakuna baridi, ya kazi gani?" Nusura nikubali. Ila katika injini nyingi za Toyota kifaa hicho kikishafunguka ndicho kinachofunga njia ya mkato ya maji. Ukikitoa, sehemu ya maji ya moto inazunguka tu ndani ya injini bila kufika kwenye radieta. Nikanunua mpya, nikaamua kusafisha mwenyewe.

Anza asubuhi, gari limelala usiku kucha. Kifuniko cha radieta kilichoandikwa 1.1 kinashikilia shinikizo hadi maji yachemkie karibu nyuzi 120 badala ya 100. Ukikifungua likiwa moto, maji yanageuka mvuke papo hapo, na uso wako uko juu yake.

Koki ya kumwagia maji chini ya radieta ya gari kuukuu ni plastiki iliyokauka, usiilazimishe. Mimi huchomoa mpira wa chini wa radieta. Kinga kwa beseni pana na upime umetoa lita ngapi. Kulanti kuukuu, yaani ile dawa ya kupozea injini inayochanganywa na maji, ni sumu yenye ladha tamu. Paka na mbuzi huilamba. Mtaani kwetu mbuzi hawana mipaka, kwa hiyo yangu huenda moja kwa moja kwenye dumu lenye kifuniko.

Kisha rudisha mpira, jaza maji safi, weka hita kwenye joto la mwisho ili maji yapite huko pia, washa injini mpaka mpira wa juu na wa chini yote iwe ya moto. Zima, subiri lipoe, mwaga. Langu lilitoa maji ya rangi ya ukwaju mara tatu, ya nne yakawa meupe. Usitie sabuni ya unga. Niliwahi kujaribu, nikatoa povu siku mbili.

Sasa jambo linalowapita wengi. Ukimwaga, si maji yote yanayotoka. Kiasi hubaki ndani ya injini. Ukijaza kulanti iliyokwisha kuchanganywa, itapunguzwa na yale yaliyobaki. Tafuta kwenye kitabu cha gari mfumo wote unachukua lita ngapi, tia kwanza nusu ya kiasi hicho kulanti isiyochanganywa, kisha malizia kwa maji ya betri. Nasema yale ya kuongezea, si tindikali. Madukani huwekwa rafu moja, soma chupa. Rangi ya kulanti nayo isikudanganye: nyekundu ya kampuni moja si lazima ipatane na nyekundu ya nyingine.

Kazi kubwa ni kutoa hewa iliyonaswa ndani. Noah hili la zamani injini iko chini ya viti vya mbele, mipira ya maji ni mirefu, na lina hita ya pili nyuma. Hewa hupata pa kujificha. Kwanza nilijaza haraka haraka, nikafunga, nikaenda Watamu. Kufika Gede mshale uko juu tena, huku hita inapuliza baridi. Hita baridi na injini moto, hapo ujue kuna hewa. Siku hizi naegesha kwenye mwinuko, mdomo wa kujazia uwe juu kuliko vyote, namimina taratibu, nawasha bila kufunga kifuniko huku hita zote mbili ziko wazi, na kuiminyaminya mipira kwa kitambaa. Vipovu hutoka, maji hushuka, naongeza. Yakianza kutaka kufurika, nafunga. Kesho yake asubuhi natazama tena. Mara ya mwisho liliomba nusu kikombe.

Vipovu visipokoma hata baada ya saa nzima, au ukifungua kifuniko cha oili ukakuta kitu kama chai ya maziwa, funga dumu la kulanti. Hiyo mara nyingi ni gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, imeharibika, na hakuna kusafisha kutakakoiponya. Mtafute fundi, na usiliendeshe, livutwe kwa kamba.