Kero yangu ni mzee kukatizwa anapozungumzia wanyama

Swali lililoulizwa ni jambo gani dogo la kila siku linalomuudhi mtu kuliko wengine wanavyodhani linastahili. Wengi wametaja simu zinazopigiwa muziki kwa sauti ya juu ndani ya daladala, watu wanaoruka foleni, na wauzaji wasiorudisha chenji. Kero yangu ni mzee kukatizwa anapozungumza, na hasa anapozungumza habari za wanyama wa porini, kwa sababu hapo hasara haiishii kwenye adabu. Nimefanya kazi ya ugani kwa miaka mingi katika vijiji vya tarafa za Idodi na Pawaga, mkoani Iringa, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na nimeliona jambo hili mikutanoni, mashambani na ndani ya magari bila kuweza kulizoea.

Hutokea hivi. Mkutano wa kijiji umeitishwa kwa sababu tembo wameingia kwenye mpunga. Mzee anasimama, anawasalimu waliohudhuria kwa utaratibu, anaanza kueleza ni nani aliyehamia lini na bonde lile lilikuwa la nani, na kabla hajafika kwa tembo, mtu anapaza sauti kutoka nyuma: "Mzee, fupisha, muda umekwenda." Wachache wanacheka, mzee anakaa, na mkutano unaendelea na agenda ya mabati na mafataki ya kufukuzia tembo. Aliyemkatiza anaamini ameokoa muda wa watu. Hajui kwamba mzee anapotaja bonde lilikuwa malisho ya ukoo fulani, na kwamba halikulimwa hata mwaka mmoja mpaka mfereji ulipochimbwa, tayari ameanza kujibu kwa nini tembo wanapita pale.

Katika kijiji kimoja, mzee aliyenyamazishwa namna hiyo alikuwa anataka kusema kwamba mashamba mapya yaliyogawiwa yamekaa juu ya njia ya tembo inayofuata korongo kutoka upande wa hifadhi hadi mtoni. Alinieleza jioni, tukiwa tumekaa nje ya nyumba yake, na kesho yake akanipeleka mwenyewe, taratibu kwa sababu ya magoti, akanionyesha mibuyu iliyochubuliwa magome. Baadhi ya makovu yalikuwa ya zamani, gome limekwisha kufunga na kufanya mikunjo minene. Mengine yalikuwa mabichi na nyuzi zake zikining'inia. Alinionyesha pia mahali kwenye mchanga wa korongo ambapo tembo huchimba kwa miguu na mkonga kutafuta maji wakati wa kiangazi. Niliyaandika yote na kuyapeleka panapohusika, lakini mashamba yalikuwa yamekwisha kukabidhiwa wenyewe. Mahindi yalipokomaa, tembo walipita palepale. Familia zilizopoteza mazao zikaanza kufuatilia kifuta jasho, ambacho kwa kanuni za mwaka 2011 ni mkono wa pole kutoka serikalini na hakikusudiwi kulipa thamani yote ya kilichoharibiwa.

Jambo la maji nalo linafaa kuelezwa kwa urefu, maana wazee wa Pawaga wanalifahamu kwa macho yao. Wanaukumbuka Ruaha Mkuu ukitiririka mwaka mzima. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, sehemu ya mto huo inayopita hifadhini hukauka karibu kila kiangazi, yakabaki madimbwi ambamo viboko, mamba na samaki hubanana, na sababu zinazotajwa zaidi ni maji kuchepushwa kwenda kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu, wilayani Mbarali, pamoja na mifugo mingi iliyoingia katika ardhioevu ya Ihefu. Wafugaji waliondolewa Ihefu, na mwaka 2008 eneo la Usangu likaunganishwa na hifadhi. Kijana aliyezaliwa baada ya mto kuanza kukauka huamini kwamba tembo wanakuja kijijini kwa sababu wameongezeka kupita kiasi, na husema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Mzee aliyevua samaki katika mto huo akiwa mvulana anajua kwamba tembo walikuwepo kwa wingi zamani pia, ila walikunywa huko huko hifadhini. Maelezo haya mawili yanaleta hatua mbili tofauti kabisa: la kwanza linadai risasi, la pili linadai tuzungumze na walioko juu ya mto. Ndiyo maana naudhika mwenye maelezo ya pili anapoambiwa akae chini.

Hata tembo wenyewe huishi kwa kumbukumbu za wakubwa wao. Kundi la majike na watoto wao huongozwa na jike aliyewazidi umri, na katika ukame mkali wa mwaka 1993 watafiti waliokuwa wakifuatilia makundi ya Tarangire waliona kwamba ndama 16 kati ya 81 walikufa, wengi wao wakiwa wa kundi moja lililobaki ndani ya hifadhi. Makundi yaliyoondoka kwenda kutafuta maji na malisho mahali pengine yalipoteza ndama wachache zaidi, na yalikuwa na majike waliokwisha kuuona ukame wa miaka ya 1958 hadi 1961. Kundi lililobaki halikuwa na jike wa umri huo, kwa kuwa ujangili wa miaka ya nyuma ulikuwa umewamaliza wakubwa wake. Huku kwetu Ruaha nako ujangili wa mwanzoni mwa miaka ya 2010 uliua tembo wengi sana, na jangili huanza na mwenye meno makubwa, yaani mwenye umri. Kila ninapoona kundi la tembo wadogo wadogo likihangaika kando ya kijiji, nafikiria ni nani aliyekuwa awaonyeshe njia.

Wenzetu wa Rungwe wana mfano mzuri zaidi wa faida ya kumsikiliza mwenyeji, na nashangaa haufundishwi katika kila shule ya Mbeya. Mwaka 2003, watafiti waliokuwa wakiwauliza wanavijiji wa Mlima Rungwe kuhusu wanyama wa msituni walisikia kutoka kwa wawindaji wa Kinyakyusa habari za kima mmoja mwenye haya nyingi, aishiye juu mitini, aitwaye kipunji. Wanyakyusa wana masimulizi ya wanyama wa damu na nyama na ya wanyama wa mizimu, na yote husimuliwa kwa heshima ileile, hivyo wageni hawakuweza kujua mara moja kipunji ni wa upande upi. Wangeweza kucheka na kufunga daftari. Badala yake waliendelea kutafuta, na mwaka huohuo wakamwona: kima wa rangi ya kahawia, mwenye nywele ndefu zilizosimama kichwani na mlio wa kubweka. Watafiti wengine walimkuta pia msitu wa Ndundulu katika milima ya Udzungwa, mbali sana na Rungwe. Alitangazwa kwa ulimwengu mwaka 2005, na mwaka 2006 wataalamu wakamwekea jenasi (kundi la spishi zenye ukoo wa karibu) yake peke yake, Rungwecebus, wakati Afrika ilikuwa imepita zaidi ya miaka 80 bila kupata jenasi mpya ya kima. Wazee wa Rungwe walikuwa wakimfahamu muda wote huo. Mtu alihitaji tu kuwauliza na kusubiri wamalize.

Ndani ya mabasi kero hii ina sura nyingine. Barabara kuu ya kutoka Mbeya kwenda Dar es Salaam hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kiasi cha kilometa 50, na nyani hukaa kando ya lami wakingojea. Nimesafiri na vijana waliokuwa wakiwarushia ndizi na maganda ya machungwa kupitia dirishani huku wakipiga picha. Bibi mmoja aliyepandia Uyole aliwaambia kwa upole: "Wajukuu zangu, msiwape, mnawazoesha barabara." Mmoja alimjibu kwamba wao wameshalipa nauli na bibi atazame mbele. Hakuna abiria aliyemkemea zaidi ya mimi na mama mwingine mwenye mtoto, na jambo hilo liliniumiza hadi Morogoro. Alichokisema bibi ndicho askari wa hifadhi wanachokisema kila siku: nyani akizoea chakula cha watu huacha woga, huanza kunyang'anya, huhamia ukingoni mwa barabara na watoto wake, na malori ya Tunduma hayana nafasi ya kufunga breki kwa ajili yake. Lingetoka kinywani mwa mtu mwenye sare, wangenyamaza.

Kuhusu kukutana na tembo uso kwa uso, karibu kila ninachokijua nimefundishwa na mama mmoja mzee wa Tungamalenga aliyekuwa akikata nyasi za kuezekea tangu usichana wake. Alinifundisha kuchota vumbi na kuliachia kabla ya kuingia kichakani, ili nijue upepo unapeleka harufu yangu wapi. Alinifundisha kwamba tembo anayetanua masikio, kutikisa kichwa na kupiga vumbi kwa mguu mara nyingi anakuonya, na unatakiwa kurudi nyuma polepole bila kumpa mgongo wala kupiga kelele. Anayelaza masikio nyuma, akaukunja mkonga na kuinamisha kichwa, amekwisha kuamua, na hapo tafuta mti mnene au mwamba wa kuweka kati yako na yeye. Jike mwenye ndama hana mazungumzo. Kiboko usimzibie njia ya kurudi majini, hasa alfajiri. Nyati dume anayetembea peke yake ni wa kuogopwa kuliko kundi zima. Haya yote aliyaeleza kwa mwendo wake, akisimama kuvuta pumzi na kuingiza habari za shemeji yake, na kama ningemharakisha ningebaki na nusu.

Najua litaulizwa swali la haki: je, mzee akikosea? Wazee hukosea, na katika habari za nyoka nimeona wakikosea kwa namna inayoweza kuua. Msimu mmoja wa palizi, kijana aliumwa na kifutu, nyoka ambaye hatoroki mtu akikaribia bali hubaki kimya njiani mpaka akanyagwe. Babu mmoja aliyeheshimika sana alileta jiwe jeusi, linaloaminiwa kunyonya sumu, na wembe, akitaka kuchanja pale palipoumwa na kufunga kamba juu yake. Muuguzi wa zahanati, binti mdogo aliyekuwa bado mgeni kijijini, alipiga magoti, akamwamkia, akamwacha aeleze matibabu yake mpaka mwisho, huku mikono yake mwenyewe ikiwa tayari inaunyoosha mguu wa kijana na kuufunga kwenye ubao ili usitikisike. Kisha akasema: "Babu, jiwe naomba tuliweke, halina ubaya. Wembe na kamba naomba tuviache, kwa kuwa sumu ya huyu huozesha nyama na kamba itaizidishia. Na wewe naomba upande gari pamoja naye, kwa sababu anakuamini." Babu alikubali, akapanda gari, na kijana akafika hospitali mapema akiwa ametulia, bila kuchanjwa. Tangu siku hiyo babu mwenyewe ndiye anayewahimiza watu wapeleke wagonjwa wa nyoka hospitali bila kuchelewa, na neno lake limefika kwenye nyumba ambazo mabango yetu hayakuwahi kufika.

Wanaosema kwamba heshima hupoteza muda wangeangalia saa siku ile. Kumsikiliza babu hakukuchukua dakika zaidi ya zile ambazo dereva alizitumia kuwasha gari. Kumdhalilisha kungechukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa ndugu zake wangegoma na mgonjwa angebaki pale.

Kijiji kimoja ninachokihudumia kimebadilisha utaratibu, na ningependa wa Makete, Mbarali na Rungwe waujaribu, kila mmoja kwa wanyama wake. Kabla ya ardhi mpya kugawiwa, kamati hutembea na wazee wanaoijua, wanawake kwa wanaume, kwa kuwa wanawake ndio waliochota maji na kukata kuni na hujua ni wapi mnyama gani hupita na saa ngapi. Hawaulizwi mwaka kwa tarakimu. Huulizwa kama jambo lilitokea kabla au baada ya kuhamia vijiji vya ujamaa, kabla au baada ya daraja kujengwa, na hapo kumbukumbu hutoka bila shida. Mtendaji huandika, kijana mwenye simu huchukua alama za njia na visima, na ramani hubandikwa ofisini. Asiyeweza kutembea hufuatwa nyumbani asubuhi, kabla jua halijawa kali, na anayetumwa kwake hupewa siku nzima. Kazi hii hufanywa mwezi wa Septemba au Oktoba, mashamba yakiwa bado hayajaanza kusafishwa, kwa kuwa mkulima aliyekwisha kung'oa visiki na kununua mbegu hawezi tena kuombwa ahame kwa sababu ya njia ya tembo.