Muulize Mama wa Maabara: Dawa ya baba imefaulu?

SWALI: Shikamoo mama. Baba yangu ni mganga wa tiba asili hapa Korogwe, na dawa yake ya mizizi ya mjafari watu wanaifuata kutoka mbali. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu aliichukua akaipima. Majibu ni haya: bakteria Staphylococcus aureus milimita 14, bakteria Escherichia coli (E. coli) milimita 6, na siprofloksasini, antibiotiki ya kulinganishia, milimita 30. Ekstrakti ya ethanoli, yaani dawa iliyokamuliwa kwa spiriti, miligramu 50 kwa mililita. Baba anataka chupa ziandikwe "Imethibitishwa na maabara, inatibu taifodi". Tuandike?
Msomaji, Korogwe

JIBU: Marahaba mwanangu. Msiandike. Msomee baba jibu hili polepole, maana waganga ninaowajua hawapendi kufundishwa dawa zao na mtu wa koti jeupe.

Anza na hiyo 6. Bakteria hupakwa juu ya aga, rojo iliyoganda ya kuwakuzia, kwenye sahani, kikaratasi cha duara chenye dawa huwekwa juu yao, sahani ikalala kwenye joto la nyuzi 37 hadi kesho yake. Dawa ikiwaweza, kikaratasi huzungukwa na eneo tupu ambalo hawakuota, nasi hupima upana wake pamoja na kikaratasi. Sasa, kikaratasi chenyewe kwa kawaida kina milimita 6! Alichopima kijana wenu ni karatasi, E. coli waliota mpaka ukingoni. Na Salmonella Typhi, mwenye taifodi yake, hakupimwa kabisa. Huyo ni jamaa ya E. coli: wote wana utando wa ziada kwa nje unaozuia dawa nyingi kupenya. Kwa taifodi, basi, majibu hayo hayawasaidii hata kidogo.

Ile 14 ni jibu zuri la kuanzia, ila msiseme ni nusu ya siprofloksasini. Kikaratasi cha siprofloksasini hubeba mikrogramu 5 tu, na upana wa eneo hutegemea pia dawa inavyosambaa kwenye aga. Halafu piga hesabu. Mtu mzima ana damu ya karibu lita 5. Kuifikisha miligramu 50 kwa kila mililita kunataka gramu 250 za ekstrakti kavu, zote ziingie kwenye damu kwa mkupuo. Robo kilo! Nani ataimeza? Mwombeni kijana atafute kiwango cha chini kabisa kinachozuia bakteria, akiipunguza dawa nusu kwa nusu kwenye bamba la plastiki lenye visima vidogo 96. Ikizuia kwa mikrogramu 100 kwa mililita au pungufu, watafiti watakaa kitako wasikilize. Ikidai zaidi ya 1000, ni dhaifu.

Jambo linaloniudhi zaidi ni hili: baba huchemsha mizizi kwa maji, kijana akailoweka kwenye ethanoli. Hizo ni dawa mbili. Kule China mwaka 1971, mwanasayansi Tu Youyou alihangaika na mmea wa Artemisia annua kwa sababu moto ulikuwa ukiharibu kile alichokitafuta; alipoukamua kwa etha bila joto kali, panya wenye malaria wakapona. Alipata Tuzo ya Nobeli 2015. Kwa mjafari huenda ikawa kinyume, lakini lazima ipimwe ile anayokunywa mgonjwa.

Kuna na sumu. Kinachoua bakteria kinaweza kuumiza chembe za mwili pia. Kipimo cha bei nafuu ni cha uduvi wadogo wa maji chumvi, Artemia: huanguliwa, hutiwa kumi kumi kwenye mirija yenye dawa ya viwango tofauti, na baada ya saa 24 unahesabu walio hai. Hicho ni kichujio cha kwanza tu. Bado figo na ini havijaulizwa.

Tawi lenye majani na maua lipelekwe kwenye hebariamu (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam likatambuliwe, ijulikane kweli ni Zanthoxylum chalybeum, jina la kisayansi la mjafari. Mkitaka kuiuza, mlango ni Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Na mwenye homa isiyoshuka apelekwe hospitali leo hii, kwani taifodi ikiachwa huweza kutoboa utumbo.