Mizani Nane za Mkono Mmoja

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 34. Huu ni mwezi wa saba nasafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki, muda wa saa nne kila safari. Mkono wa kushoto unakuwa na sindano mbili, sitakiwi kuukunja wala kuutikisa. Mashine ikianza tu kunguruma, na mawazo nayo yanaanza: nitaishi hivi mpaka lini, wanangu watalelewa na nani. Rafiki yangu kipenzi hunitumia mashairi ya kunitia moyo, ila yananichoma. Yote yananiambia nitapona kesho, na daktari kashanieleza kuwa figo zangu hazitarudi. Shuleni nilipenda sana ushairi. Je, shairi linaweza kumpa tumaini mtu wa hali yangu, au nitakuwa najidanganya tu?
Mkono Mmoja

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nasimama pale uliposema mashairi ya rafiki yako yanakuchoma. Hukukosea kuchomwa. Shairi linalomwahidi mgonjwa kitu ambacho hakipo humwacha peke yake zaidi, kwa sababu sasa ana maradhi na ana kazi ya kujifanya anaamini. Hilo mimi silihesabu kuwa tumaini.

Mkumbuke Mwana Kupona, yule mshairi wa kike wa Pate, pwani ya Kenya. Utendi wake (yaani utenzi, shairi refu) wa mwaka 1858 tuliusoma darasani kama mawaidha ya mama kwa binti, basi. Tunasahau kwamba aliutunga akiwa mgonjwa. Mwanzoni tu anasema maradhi yamemshika mwaka mzima, halafu anamwita bintiye aje akae karibu, na wino na karatasi. Mbele huko anamwomba Mungu amponye, anaomba kwa machozi, lakini hamdanganyi mtoto kwamba tayari kapona. Akafariki miaka michache baadaye. Lililonigusa mimi ni ile kauli ya njoo ukae karibu. Maradhi yamembana, na bado ana neno la kumpa mtu, na mtu huyo yupo, anasikiliza. Tumaini la namna hiyo halingoji figo zirudi.

Nami nilijifunza kitandani. Miaka mingi nyuma nililazwa kwa kifua kikuu. Matibabu ni ya miezi sita, na dawa zile ziligeuza mkojo wangu rangi ya chungwa hata nikadhani ndio mwisho. Mchana nilikuwa na wenzangu wodini. Usiku nilikuwa na hofu. Naamka saa tisa nimelowa jasho, nalala chali, nahesabu nani atamlipia nani karo nikishaondoka. Usiku mmoja, sijui kwa nini, nikaanza kuhesabu silabi badala yake. Utenzi unataka mizani, yaani silabi, nane kila mshororo, na vidole vya mkono mmoja vinatosha. Unaanzia kidole gumba, silabi ya tano inaangukia kidole cha mwisho, unarudi tena kwenye gumba, cha shahada, cha kati. Hapo mshororo umetimia. Usipofika cha kati, neno limepungua. Nikapata hivi:

Nimeamka gizani,
jasho tele mashavuni,
nasikia uwanjani
mtu anayefagia.

Mshororo wa tatu ulinisumbua usiku mbili nzima. Kina, ile sauti ya mwisho inayofanana, kilikuwa kinanikimbia, nikawa nasikiliza kila sauti ya nje nikitafuta kitu kinachoishia na "ni". Ndipo nikamsikia yule mfagiaji. Alikuwa akifagia kila alfajiri tangu nilazwe, na mimi sikuwahi kumsikia! Sikupona usiku ule, na hofu ilirudi kesho yake. Lakini kwa saa nzima akili yangu haikuwa mali ya ugonjwa.

Kwa hiyo ndiyo, shairi linaweza, ila anza na ulichokiona au ulichokisikia siku hiyo, usianze na unachokihofia. Mlio wa mashine. Doa la darini. Viatu vya muuguzi. Hofu itaingia yenyewe, haina haja ya kualikwa, na ikiingia itakuta kuna mizani inayoisubiri. Tarbia, lile shairi lenye mizani kumi na sita kila mshororo na kina cha katikati pia, iache kwanza, itakuchosha. Na kwa kuwa kushika kitabu kwa mkono mmoja ni taabu, lihifadhi kichwani shairi unalolipenda nyumbani, ulighani taratibu ukiwa kwenye mashine, pumzi moja kwa mshororo mmoja. Utaona pumzi inatulia kabla ya moyo.

Siku nyingine utaandika kisha utalia. Usidhani umeharibu. Mwaka 1986 wanasaikolojia wawili wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, waliwapa wanafunzi dakika 15 za kuandika kwa siku nne mfululizo. Walioandika yaliyowaumiza, tukio pamoja na hisia zake, walitoka na huzuni zaidi siku hizo, lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati mara chache kuliko wenzao. Huzuni ya kuandika hupita.

Ipo nyingine isiyopita, na hii naomba uisome polepole. Ikiwa wiki mbili zimekwisha hulali, hakuna kinachokufurahisha, au umeanza kufikiria kuacha matibabu au kuacha kuishi, mwambie daktari wako au muuguzi siku hiyo hiyo. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni iliyokithiri, huwapata wengi wanaosafishwa damu, nayo inatibika. Vilevile kizunguzungu kikikujia kwenye mashine, acha vina, mwite muuguzi. Huenda shinikizo la damu limeshuka.

Kuhusu rafiki yako, usimfukuze. Anakupenda, ila hajui pa kukushika. Mwambie wazi: "Ndugu yangu, usiniahidi, nijibu." Mtumie mishororo mitatu siku ya mashine, yeye atafute wa nne. Wazee wetu wa ushairi walijibizana kwa mashairi, na anayengoja jibu la mtu ana kitu cha kesho.

Mimi nakuanzia leo. Kina cha mwisho kiwe "ia", kama cha mfagiaji wangu:

Mashine inanguruma,
damu yazunguka hima,
vidole vyangu vyasoma,

Wa nne ni wako. Ukiupata, niandikie.