Lithiamu ndiyo imempandishia mdogo wangu homoni ya stresi?

SWALI: Daktari shikamoo. Mdogo wangu wa kike ana miaka 27, ana baipola (ule ugonjwa wa akili wa hisia kupanda sana na kushuka sana), na tangu aanze dawa ya lithiamu ametulia, kazini karudi. Sasa hivi anachoka muda wote, kanenepa, na usiku anaamka kunywa maji mara kwa mara. Kuna mtu kamwambia lithiamu inapandisha kotisoli, ile homoni ya stresi, na ndo inamharibu mwili, kwahiyo anataka aache. Tukampime kotisoli? – Dada mtu, Morogoro

JIBU: Marahaba dada. Asiache kwanza, naomba hilo lifike leo leo. Ukikata lithiamu ghafla ugonjwa unaweza kurudi haraka na kwa nguvu, na hatari ya mtu kujiua inapanda, wakati hii ni moja ya dawa chache sana zilizoonekana kuipunguza hatari hiyo.

Aliyemwambia hajatunga. Ukipata stresi ubongo unatuma homoni kwenye tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, pituitari nayo inatuma homoni nyingine, ACTH, kwenye tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo, ndo kotisoli inatoka. Ikitosha, inarudi kuuambia ubongo basi, kama boya la tanki linavyofunga maji yakijaa. Sasa kwa wenye sonona na baipola hilo boya mara nyingi limeshalegea hata kabla hawajameza kidonge chochote, na hapo ndo watu wanakosea, wanailaumu dawa kwa kitu ambacho ugonjwa wenyewe unakifanya.

Ila lithiamu nayo inagusa huo mfumo. Ujerumani, miaka ya mwanzo ya 2000, walichukua wagonjwa wa sonona ambao dawa za kawaida ziliwashinda wakawaongezea lithiamu, halafu wakawapima kwa kuuchokoza mfumo wenyewe: usiku deksamethasoni ya kuutuliza, kesho yake sindano ya homoni ya ubongo ya kuuamsha. Baada ya wiki kama 4 za lithiamu, ACTH na kotisoli zilipanda zaidi kuliko mwanzo, kitu ambacho wengi hawakutegemea maana dawa nyingi za sonona huwa zinaushusha. Lakini elewa, hayo ni majibu ya mfumo uliochokozwa makusudi, sio kwamba mtu anatembea na kotisoli nyingi kutwa nzima mpaka anaumwa. Kwahiyo kipimo cha kotisoli mimi nisingekimbilia, labda daktari aone dalili zake, mfano uso kuwa wa mviringo, michirizi ya zambarau tumboni, misuli ya mapaja kuishiwa nguvu.

Kwa uchovu na unene mimi nawaza thairoidi. Lithiamu inaizuia ile tezi ya shingoni isitoe homoni yake vizuri, na wanawake ndo inawapata zaidi. Mwambie apime TSH, kipimo cha damu cha thairoidi, ikionekana tezi imezembea anapewa vidonge vya levothairoksini vya kuijazia homoni hiyo na lithiamu inaendelea kama kawaida. Kiu nayo ina sababu yake, figo zinaacha kuitii ile homoni inayozuia maji yasitoke, anakojoa sana ndo maana anakunywa sana. Msimkataze maji jamani, na asipunguze chumvi ghafla, maana mwili ukikaukiwa lithiamu inajazana kwenye damu.

Siku hiyohiyo wapime na kiwango cha lithiamu chenyewe, damu itolewe masaa 12 baada ya dozi ya mwisho (wengi tunataka iwe kati ya 0.6 na 1.0 mmol/L), pamoja na kriatinini ya figo na kalsiamu. Na mkague pochi yake, kama anameza diklofenaki au ibuprofeni za duka la dawa kila mgongo ukiuma, hizo zinaipandisha lithiamu, maumivu atumie panado.

Akianza kutapika au kuharisha sana, mikono ikatetemeka kwa nguvu, akayumba akitembea au ulimi ukawa mzito, dozi inayofuata asimeze, mpelekeni emajensi usiku huohuo na mseme mlangoni kabisa kwamba anatumia lithiamu.