Re: Niliongoza Meza ya Bwana, sasa wazee wameniita

Ndugu yangu, unasema mchungaji alikwama feri ya Likoni, waumini wakachoka kungoja, ukaongoza Meza ya Bwana (ushirika mtakatifu) mwenyewe bila idhini. Mfalme Sauli naye, alipotoa sadaka isiyo kazi yake, alijitetea hivyo hivyo: nabii Samweli kachelewa, watu wanatawanyika (1 Samweli 13). Ila msome zaidi mfalme Uzia, 2 Nyakati 26. Aliingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi ya makuhani tu. Kuhani Azaria na wenzake 80 wakamwambia atoke. Ukoma haukumtokea alipovuka mlango. Ulimtokea kwenye paji la uso alipowaghadhibikia, chetezo (chombo cha kufukizia uvumba) kingali mkononi. Kwa hiyo kikao cha wazee ndicho kizito kuliko Jumapili ile. Nenda bila mashahidi wa kukutetea (najua unao), kiri ulivuka mpaka, kisha nyamaza uwasikilize. Wakikusimamisha huduma kwa muda, kubali, wala usihamie kanisa lingine kwa hasira.